Chupa Isiyotikiswa

Mama Pamba alikuwa fundi wa magodoro. Alishona kwa mkono. Alijaza pamba, akaipiga kwa fimbo mpaka kila pembe ikajaa. Aliishi katika vyumba viwili na binti yake wa miaka tisa. Binti huyo alipewa jina la Chiriku kwa sababu hakujua kufunga mdomo. Aliongea akila. Aliongea akifagia. Aliongea hata akipiga mswaki, jambo ambalo si rahisi. Jaribu uone.

Ilikuwa bahati kwamba Chiriku aliongea. Bila yeye, nyumba ile ingekuwa kimya kutwa nzima. Mwaka mmoja ulikuwa umepita bila mtu yeyote kupiga hodi.

Sababu ilikuwa hii. Katika mji ule, dawa zote zilipikwa na kundi moja tu. Kundi hilo liliitwa Udugu wa Kinu. Ndugu wa Kinu walivaa majoho ya kijivu na waliishi nyuma ya ukuta mrefu. Huko walitwanga mawe yenye mwanga wa bluu. Waliyapika kwa siku tisa, na hapo wakapata dawa ya kuponya. Mtu mwingine hakuruhusiwa kupika dawa, hata ya kikohozi. Aliyejaribu alifukuzwa mjini.

Dawa ilitolewa dirishani, ndani ya chupa ya kioo. Sehemu ya juu ilikuwa safi kama maji. Chini kabisa kulikuwa na mashapo ya bluu, yaani unga mzito uliotuama. Mashapo hayo yaling'aa kidogo. Kila mtu alifundishwa tangu utotoni: "Hiyo ya bluu ni roho ya dawa. Imelala. Usiiamshe. Mgonjwa anywe ya juu. Ya chini irudi kwenye Kinu siku ya saba."

Basi watu walibeba chupa kwa mikono miwili, wakatembea polepole, wakashikilia pumzi kwenye ngazi. Wagonjwa wengine walipona. Wengine walikufa. Mtu akifa, Udugu ulisema, "Chupa imemkataa. Alikuwa na moyo mchafu." Maneno hayo yalikuwa mabaya kuliko msiba wenyewe.

Mume wa Mama Pamba alikuwa kinyozi. Alishikwa na homa ya kijivu, ile inayoanzia kwenye kucha. Mama Pamba alikwenda kuchukua chupa. Ndugu wa Kinu hawakuwahi kuona mtu mwangalifu kama yeye. Alikuja na sanduku, akalijaza pamba laini, akailaza chupa katikati. Njiani chupa haikucheza hata kidogo. Siku ya sita mume wake alikufa. Siku ya saba alirudisha chupa kwa adabu, akasaini, akaondoka.

Tangu hapo watu waliikwepa nyumba yake. Nani alalie godoro lililoshonwa katika nyumba ya moyo mchafu? Mteja wake pekee alikuwa mwenye nyumba ya wageni, na huyo hakuwaambia wageni wake magodoro yametoka wapi. Mama Pamba alilala upande mmoja wa kitanda. Upande wa pili hakuugusa. Alikuwa mpweke, na upweke wake ulichanganyika na aibu.

Asubuhi moja Chiriku hakuongea.

Mama Pamba aliona ajabu. Alimpa chai. Chiriku akatikisa kichwa tu.

"Vipi leo? Umeumeza ulimi?" mama yake alimtania.

Chiriku hakucheka. Mama Pamba akamshika mkono. Ulikuwa wa moto. Akatazama kucha. Zilikuwa za kijivu.

Hakupoteza muda. Alichukua lile sanduku, akalijaza pamba, akaenda mbio hadi dirishani. Alipanga foleni. Aliyekuwa mbele yake alisogea hatua mbili mbali naye. Aliyekuwa nyuma naye akarudi hatua mbili. Mama Pamba aliangalia chini mpaka zamu yake ikafika.

"Jina?" aliuliza ndugu mwenye joho.

Akataja. Ndugu akafungua daftari, akasoma, akanyanyua nyusi.

"Nyumba hii ilishakataliwa mara moja," alisema. "Umemfundisha mtoto kuwa na moyo safi?"

"Ni mtoto, ndugu yangu. Ana miaka tisa."

"Tutaona chupa itasemaje."

Mama Pamba alirudi nyumbani na sanduku lenye chupa kifuani. Alitembea polepole, ingawa miguu ilitaka kukimbia. Alipoweka sanduku mezani, alisikia kitu ambacho hakuwa amekisikia kwa mwaka mzima.

"Hodi!"

Alifikiri amesikia vibaya.

"Hodi humu ndani! Au mmehama?"

Alikuwa kikongwe wa nyumba ya mkabala. Watu walimwita Bi Mwosha. Kwa miaka thelathini alikuwa ameosha chupa za Udugu wa Kinu. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya bluu yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Aliishi peke yake na hakuzungumza na watu. Wote walidhani ana maringo.

"Karibu, bibi," alisema Mama Pamba kwa mshangao. "Lakini humu kuna mgonjwa."

"Najua. Nimekuona kutoka dirishani kwangu ukibeba hilo sanduku. Ile mara ya kwanza nilikuona vilevile, nikanyamaza. Leo nimeshindwa. Mwanangu, nipe glasi ya maji na kijiko cha unga."

"Unga wa nini tena?"

"Wewe nipe. Maswali baadaye."

Mama Pamba akaleta. Bi Mwosha alitia unga ndani ya maji, akakoroga, akaiweka glasi mezani. Wakangoja. Unga ukashuka taratibu mpaka chini. Maji ya juu yakabaki karibu safi.

"Tuseme una njaa," alisema Bi Mwosha. "Uji wako ndio huu. Ukinywa haya ya juu ukaacha ya chini, utashiba?"

"Sitashiba. Nitakuwa nimekunywa maji."

"Na unga uko wapi?"

"Uko chini."

"Haya. Sasa tazama chupa yako."

Mama Pamba alitazama ndani ya sanduku. Juu maji safi. Chini mashapo ya bluu. Alielewa, na hakutaka kuelewa.

"Lakini ile ni roho ya dawa," alisema. "Imelala."

"Roho gani, mwanangu? Ile ndiyo dawa yenyewe. Haiyeyuki kwenye maji, inatuama kama unga huu. Ni lazima uitikise kabla ya kumpa mgonjwa, ili kila kijiko kiwe na dawa ndani yake. Usipotikisa, unampa maji yaliyopita karibu na dawa."

"Umejuaje?"

"Nimeosha chupa miaka thelathini. Kila chupa ina alama ya nyumba. Iliyorudi na mashapo mengi, nilikuwa nasikia msiba. Iliyorudi safi, mgonjwa kapona. Hujawahi kujiuliza kwa nini watu wa machimboni wanapona sana? Wana mioyo safi kuliko sisi? Wale wanagombana mpaka na punda wao! Ni njia yao tu. Chupa inapanda punda, inapita kwenye mawe, inafika nyumbani imeshatikisika."

"Na Ndugu wanajua?"

"Wakubwa wanajua. Mawe ya bluu ni machache. Mashapo yakirudi, wanayamwaga kwenye chungu kipya. Dawa ileile inazungushwa kwenu nyote."

Mama Pamba alikumbuka sanduku. Alikumbuka pamba aliyoichagua kwa mkono, laini kuliko zote, ili chupa ya mume wake isitikisike.

"Bibi," aliuliza, "ya mume wangu uliiosha wewe?"

"Niliiosha mimi."

"Ilikuwaje?"

Bi Mwosha akaonyesha kwa vidole viwili vya bluu. Mashapo yalikuwa na kina cha vidole viwili.

Mama Pamba alilia kwa sauti. Halafu akakasirika. "Unaishi hapo mbele! Hatua kumi! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikula kiapo. Anayesema siri ya Kinu anafukuzwa, na mimi sina pa kwenda. Niliogopa. Sina jibu lingine zuri zaidi la kukupa." Kikongwe aliinamisha kichwa. "Ndiyo maana siongei na watu. Ukiwa na neno moja tu la maana, na hilo huruhusiwi kulisema, mengine yote unaona ya nini."

Mama Pamba hakumwambia "nimekusamehe." Hakuweza, si siku ile. Alifuta machozi kwa ukingo wa khanga akaitoa chupa kwenye pamba. Tangu azaliwe hakuwahi kuona mtu akitikisa chupa ya Kinu.

"Kizibo kikaze kwanza," alisema Bi Mwosha. "Sasa igeuze juu chini. Tena. Kwa nguvu, mwanangu, hubembelezi mtoto! Usiache mpaka usione bluu yoyote iliyoganda chini."

Mama Pamba alitikisa. Mashapo yalipanda. Chupa nzima ikawa bluu, na mwanga wake ukafika ukutani.

"Sasa mpe haraka, kabla haijatuama tena. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Kila mara utikise upya. Na umalize chupa yote, hata akipata nafuu."

Siku ya kwanza Chiriku alilala tu. Siku ya pili alifungua macho. Siku ya tatu aliomba mkate, kisha akauliza kwa nini dawa ni chungu, nani aliyeitia uchungu, na kama mtu huyo aliwahi kuionja mwenyewe. Mama Pamba alicheka mpaka akakaa chini.

"Amepona, bibi!" alisema. "Basi inayobaki nimwekee akiba. Nani ajuaye kama watanipa nyingine?"

"Hapana," alisema Bi Mwosha. "Homa imepungua tu, haijatoka. Tazama kucha. Bado zina kijivu. Ukiacha leo, homa itarudi, na utakuwa umebaki na dawa nusu isiyotosha kumponya mtu yeyote. Maliza."

Alimaliza. Siku ya sita kucha za Chiriku zilikuwa nyekundu na safi. Siku ya saba chupa ilikuwa tupu.

Hapo ndipo hofu ilipoanza upya. Chupa ilipaswa kurudi siku hiyohiyo, na ilikuwa haina hata chembe ya bluu. Mama Pamba angeweza kusema imevunjika. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu. Halafu akaenda dirishani.

Ndugu mwenye joho aliinyanyua chupa kwenye mwanga.

"Roho ya dawa iko wapi?"

"Iko ndani ya mwanangu."

"Umeitikisa?"

"Nimeitikisa mpaka mkono ukauma." Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Foleni nzima ikasikia. "Na mtoto amepona. Yuko nyumbani anachosha watu kwa maswali."

"Nani amekufundisha?"

Mama Pamba alimfikiria kikongwe asiye na pa kwenda.

"Unga," alijibu. "Niliona unga ukituama kwenye maji. Nikajua."

Ndugu akachukua kalamu, akakata jina lake kwenye daftari. "Nyumba yako haitapata dawa tena," alisema. "Milele."

Mama Pamba aligeuka. Watu wote walikuwa wanamtazama. Aliogopa, nisikudanganye. Alimfikiria Chiriku na homa ya mwaka ujao. Alianza kutembea peke yake, kama alivyozoea.

"Mama, samahani."

Alikuwa mbeba mizigo, mwanamume mpana aliyeshika chupa mpya kwa mikono miwili. Alikuwa amemchukulia mama yake mzazi.

"Unatikisa namna gani?" aliuliza.

Mwaka mzima hakuna aliyemwuliza Mama Pamba kitu barabarani. Alisahau hofu yake. "Kaza kizibo kwanza," alisema. "Geuza juu chini. Hivi. Usiibembeleze."

Mbeba mizigo akatikisa. Alikuwa na mikono ya kunyanyua magunia, kwa hiyo unaweza kufikiria. Chupa ikawaka bluu. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akaitazama, kisha akakaza kizibo cha yake. Halafu mzee mmoja. Halafu wengine. Ndugu wa Kinu alisimama na kalamu mkononi, asijue akate jina la nani. Angewakata wote, nani angekuja tena dirishani kwake?

Wiki mbili baadaye jina la Mama Pamba lilirudishwa kwenye daftari. Hakuna aliyemweleza sababu. Baada ya mwezi mmoja, karatasi ilibandikwa dirishani. Iliandikwa kwa herufi kubwa: TIKISA CHUPA KABLA YA KUTUMIA. MALIZA DAWA YOTE. Chini yake Udugu uliandika kwamba wao ndio waliogundua jambo hilo. Watu walisoma, wakatazamana, wakatikisa chupa zao. Cha muhimu ni kwamba wagonjwa walipona. Kwa hiyo wewe nawe, ukipewa dawa ya chupa, usione haya. Muulize anayekupa: Niitikise? Ninywe kiasi gani? Kwa siku ngapi? Asipokujibu vizuri, uliza tena.

Watu walianza kuleta magodoro kwa Mama Pamba ayashone upya. Bi Mwosha alikuja kila alasiri na kukaa mlangoni. Hakuna aliyemzuia. Siku nyingine waliongea, siku nyingine Mama Pamba alishona bila kumtazama, na kikongwe alikaa tu.

Siku moja alikuja jirani wa nyumba ya pili, yule ambaye zamani walikuwa wakichota naye maji. Alileta godoro la mwanawe. Alisimama, akashika pembe ya godoro, akaiachia, akaishika tena.

"Shoga," alisema, "kumbe mumeo hakuwa na moyo mchafu."

Mama Pamba alichomoa sindano, akakata uzi kwa meno.

"Hakuwa nao," alisema. "Alikuwa na homa."