Aliyefungwa Nyuma

Ilianza na harufu ya marashi. Walikuwa wamefika kwenye ukanda wa theluji iliyogoma kuyeyuka, juu mlimani, mahali ambapo hata jani halioti, na mama akasikia marashi mazito kana kwamba bibi harusi amepita hapo sasa hivi. Alimuuliza mumewe kama naye anayasikia. Mumewe akacheka, akasema pua yake imechoka kupanda.

Mume huyo alikuwa fundi wa mapaa, na mlima aliuona kama paa tu lililokosa bati. Aliwafunga kamba viunoni: yeye mbele, mkewe katikati, kitinda mimba wao nyuma. Kisha akawapa sheria ya kazini kwake. Kwenye kamba hakuna maneno, kwa sababu maneno humtoa mtu akili miguuni. Ukivutwa mara mbili, nawe vuta mara mbili, ijulikane uko salama. Binti akauliza, je, akibanwa na haja? Baba akamjibu kwamba mvumilivu hula mbivu, na safari ikaanza kwa kicheko.

Katikati ya mteremko ukungu ukashuka, ukammeza fundi mzima mzima. Mama akaanza kuogopa. Akavuta kamba ya nyuma, na jibu likaja haraka mno, kabla mkono wake haujamaliza kuvuta.

Ndipo aliposikia sauti ya bintiye, lakini haikutoka nyuma. Ilitoka pembeni, chini, kama mtu aliye shimoni.

"Mama, nilijifungua kamba kidogo tu, nijisaidie. Nimetumbukia. Niliogopa kuita."

Mama akageuka. Kamba ilikuwa imekaza, na mwishoni mwake alisimama binti mwenye sweta lilelile jekundu ambalo mama alimfumia kwa mikono yake, kichwa kimeinama, na ingawa mama mwenyewe alikuwa akitoa mvuke mdomoni kwa kila pumzi kama birika jikoni, mbele ya uso ule ulioinama hapakuwa na mvuke wowote, ila yale marashi tu, yakija kwa nguvu hadi yakamkaba koo.

"Mwanangu," alinong'ona, "inua uso nikuone."

Kamba ikavutwa mara mbili.

Mama akapaza sauti kuelekea ukunguni: "Baba watoto, huyu aliyefungwa nyuma yangu si mwanetu. Kuna kitu kimejifanya yeye. Mtoto yuko shimoni."

"Usijifungue kamba," mumewe alijibu kutoka juu. "Ngoja nishuke."

Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mama hakungoja. Alifungua fundo la kiunoni kwake, akaitupa kamba, akateleza kwa makalio kuifuata ile sauti, akapapasa ukingo wa shimo mpaka akashika mkono mdogo, akavuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo, na binti akatoka, meno yakigongana, akihema mvuke mweupe shingoni mwa mamaye. Walikumbatiana wakalia. Mama alifurahi kuliko siku aliyomzaa.

Kisha akakumbuka kamba. Baina ya mumewe na kile kitu sasa hapakuwa na mtu.

"Umempata?" fundi aliuliza kule juu.

"Tumempata, baba watoto," sauti ya mwanamke ikamjibu, ikianza na kikohozi kidogo, kama mama alivyozoea kukohoa kabla ya kusema. "Tuko nyuma yako. Panda, tutoke huku."

Mama alisikia sauti yake mwenyewe ikisema maneno hayo, naye mdomo wake ulikuwa umefumba. Akapiga ukelele: "Usiende, baba watoto. Mimi niko huku chini, ninaye mtoto."

Hatua za viatu kule juu zikasimama. Halafu akamsikia mumewe akizungumza kwa upole, ule upole aliomtunzia yeye peke yake tangu walipooana.

"Usikijibu, mke wangu. Nimeshakisikia. Sasa kinaigiza sauti yako."

Na theluji ikaanza tena kulia chini ya viatu vyake, akipanda.