Televisheni ya Mzee Aron

Mwezi ule mvua ilinyesha Sosiot kila alasiri. Asubuhi Kipkemoi na mkewe Tecla walichuma majani chai. Adhuhuri waliyapeleka kituoni yakapimwa. Kisha walirudi mbio kukamua ng'ombe kabla ngurumo hazijaanza. Kazi haikuisha, na nguo hazikukauka.

Nyumbani walimwacha Mzee Aron, babake Kipkemoi. Mzee alikuwa amepata kiharusi. Mkono wake wa kushoto ulilegea, na mguu wa kushoto aliuburuta. Alipotoka hospitali aliketishwa kwenye kiti chake cha siku zote, kile cha pembeni. Kulia kwake kulikuwa na dirisha. Akakaa hapo akitazama nje. Ukimsalimu, hakuitika. Ukimpa chakula, alikula nusu ya sahani na kuacha nusu.

Tecla hakupenda vile mzee alivyotazama dirisha.

"Anatafuta njia ya kwenda," alimwambia mumewe.

"Usiseme hivyo," Kipkemoi alijibu. Lakini yeye pia aliogopa. Daktari alikuwa amewaonya. Mgonjwa wa kiharusi akiachwa akae tu bila kuzungumza na watu, huzidi kudhoofika.

"Unakumbuka kule wodini?" Kipkemoi akauliza. "Ile TV ndogo ya mezani? Baba aliangalia mbio akacheka."

"Nakumbuka. Hajacheka tena tangu siku hiyo."

"Basi tumnunulie TV."

Bonasi ya majani, yale malipo ya ziada ya kila mwaka, ilikuwa imetoka. Watu wa huko wanajua mambo ya bonasi. Ikitoka, wachuuzi nao hutoka. Lori lilisimama sokoni na spika zake zikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Kipkemoi alichagua televisheni kubwa kuliko zote.

"Iwashe kwanza nione," alisema.

"Hapa hakuna stima, boss," mchuuzi alijibu. "Lakini hii ni original kabisa. Enda nayo tu."

Kipkemoi akaenda nayo tu. Hakuuliza risiti. Njiani alifikiria vile wageni watakavyoshangaa. Alidhani anamfikiria babake, na hapo ndipo alipojidanganya.

Sebule za huko zina desturi moja. Kitu cha heshima hutundikwa juu, karibu na dari. Huko juu kuna picha ya harusi na kalenda ya kanisa. Televisheni nayo ikatundikwa huko, juu ya makochi ya wageni. Tecla akaivalisha kitambaa alichofuma kwa mkono, kama alivyovalisha makochi.

Wageni walikuja wakasifu. Wachache walitazama. Televisheni hiyo haikushika chaneli yenyewe, kwa hiyo Kipkemoi alilazimika kutafuta dekoda. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Mvua ikipiga mabati, hukusikia hata neno. Tena kitambaa kilifunika matundu ya kutoa joto, na nyuma ikawa moto wa kuunguza mkono.

Na Mzee Aron? Alitazama dirisha.

Jioni moja Kipkemoi alishindwa kuvumilia. Alisimama katikati ya sebule akapaza sauti.

"Baba! Tumekununulia kitu kikubwa namna hii, na hata kuangalia hutaki? Kwani sisi tumekukosea nini?"

Mzee hakugeuka. Kipkemoi akatoka nje akasimama kwenye mvua. Tecla akaenda jikoni akalia. Nyumba ile ilikuwa na huzuni ya matanga, na mzee mwenyewe bado alikuwa hai.

Wiki hiyo hiyo radi ilipiga karibu na boma. Televisheni ikatoa harufu ya kuungua, ikazimika. Kipkemoi aliifunga kwa blanketi akaipeleka kwa Wachira.

Wachira ana duka la vifaa vya umeme pale Sosiot. Wazazi wake walitoka Nyeri zamani, na yeye amezeeka hapo. Ni mtu wa maneno makali, lakini hadanganyi mteja. Aliifungua televisheni nyuma, akaitazama, akaifunga.

"Hii imekufa," alisema. "Nani alikuuzia?"

"Watu wa lori."

"Lori liko wapi?"

"Liliondoka siku ile ile."

"Risiti iko? Waranti iko?"

"Hakuna."

"Na radi ilipoanza, mlichomoa nyaya?"

"Tulizima swichi ya ukutani."

"Swichi haitoshi. Na waya wa antena je?"

"Huo tuliuacha."

"Radi hupitia huko pia. Ukiona mawingu, chomoa plagi na antena mapema. Usingoje radi ianze ndio ushike nyaya. Unaweza kufa wewe, si TV peke yake."

Tecla alikuwa amekuja na mumewe. Alijikaza akasema, "Wachira, mimi niko na ng'ombe wangu mtamba. Nitauza tununue ingine. Yule mzee ananifia hivi naona. Tuuzie nzuri."

Kipkemoi alimtazama mkewe kwa aibu. Wachira naye aliacha ukali.

"Siwauzii leo, mama," alisema. "Kwanza niambie. Ni nani ataiangalia?"

"Ni baba."

"Anakaa wapi?"

"Kwenye kiti chake, pale kwa dirisha."

"TV ilikuwa wapi?"

"Juu ya ukuta."

"Kutoka kwa hicho kiti aliiona vizuri?"

Hawakujua. Kiti cha Mzee Aron hakikaliwi na mtu mwingine. Kwao huko, mtoto haketi kwenye kiti cha babake, na mke wa mtoto ndiyo kabisa. Hata mzee akiwa hayupo, kiti hupanguswa vumbi na kuachwa.

"Basi endeni mkikalie," Wachira akasema.

"Wee!" Kipkemoi akashtuka. "Nikalie kiti cha baba?"

"Sasa utamchagulia aje TV kama hujui anaona nini? Keti hapo, uangalie. Pimeni na kamba kutoka kwa kiti mpaka kwa ukuta. Mtu akiwa karibu na skrini kubwa sana, macho yanachoka. Akiwa mbali na skrini ndogo, hasomi maandishi. Na katikati ya skrini iwe usawa wa macho yake. Shingo ya mgonjwa haiwezi kuangalia dari. Mkishapima, rudini."

Kesho yake mzee aliota jua uani. Kipkemoi aliingia sebuleni na kusimama mbele ya kile kiti kwa muda. Kisha akaketi, mikono yake imebana magoti. Tecla alishika ncha ya kamba.

"Sasa unaona nini?" Tecla aliuliza.

Kipkemoi alitazama mbele. Aliona ukuta mtupu. Kulia aliona dirisha. Makochi, meza, mlango wa jikoni na ule msumari wa televisheni, vyote vilikuwa kushoto.

"Naona dirisha," alisema polepole. "Sisi wote huwa kushoto."

Tecla aliacha kamba ikaanguka.

"Sahani," alisema. "Ile nusu ya chakula anaacha ni ya upande gani?"

"Sijui."

"Ni ya kushoto. Kila siku ni ya kushoto. Mimi nilidhani hana hamu. Na kule wodini, TV ilikuwa kulia kwake."

Walimwita Nelvine, mhudumu wa afya wa kijiji. Nelvine alikuja na matope miguuni. Alisimama kulia kwa mzee akainua kalamu. Mzee aliitazama. Nelvine akaisogeza kalamu polepole kwenda kushoto. Ilipofika katikati ya uso, mzee aliiacha, macho yakarudi kulia.

"Kiharusi hufanya hivi kwa wengine," Nelvine alieleza. "Macho yenyewe yanaweza kuwa mazima, lakini akili inasahau upande mmoja. Kitu kikiwa huko, kwake ni kama hakipo. Hata mtu akimwongelesha kutoka huko, anaweza kukosa kumjali. Si kiburi, na si kwamba amekata tamaa."

"Tufanye nini?" Kipkemoi aliuliza.

"Geuzeni kiti, ili watu na TV wawe kulia kwake. Mwanzieni upande anaouona. Kisha polepole mtamfundisha kugeukia ule mwingine. Na mumpeleke kliniki, daktari amwangalie tena."

Siku ya soko mtamba aliuzwa. Tecla aliingia dukani kwa Wachira na kamba yake, ameshapima nayo kutoka kwa kiti mpaka mahali TV itakapokaa. Alivuta kiti mpaka mahali kamba ilipofika, akakikalia kama mzee anavyoketi. Wachira aliwasha televisheni tatu. Ile kubwa ilipendeza, lakini kwa umbali wa kamba ile ilimuumiza macho. Ile ndogo ilificha maandishi. Ya katikati ilimfaa.

"Hii inashika chaneli za bure bila dekoda," Wachira alisema. "Rimoti yake ina vitufe vikubwa. Huku nyuma kuna tundu la spika, kwa sababu hizi TV bapa hazina sauti kubwa. Angalia skrini yote. Unaona doa au mstari?"

"Sioni."

"Risiti na waranti hizi hapa, ziweke vizuri. Nunua na spika, na hiki kifaa cha kulinda TV stima ikiruka. Lakini radi bado mchomoe. Na mama, usiivalishe kitambaa. Inapumua huko nyuma."

Tecla alicheka kidogo. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza mwezi huo.

Jioni hiyo waligeuza kiti. Waliweka televisheni juu ya kabati fupi, kulia kwa mzee, usawa wa macho yake. Spika ikawekwa kando yake. Ili nao waone, Kipkemoi na Tecla walisogeza viti vyao huko huko. Mvua haikuwa na ngurumo siku hiyo. Kipkemoi aliwasha, na habari za Kikipsigis, lugha yao ya nyumbani, zikaanza.

Mzee Aron aliinua kichwa. Alitazama. Msomaji alitaja bei ya majani, na mzee akaguna kama mtu asiyekubali. Tecla alishika mkono wa mumewe akaubana.

Kisha mzee aliacha kutazama skrini. Macho yake yalisogea kidogo, yakampata Kipkemoi. Yakampata Tecla. Aliwatazama kwa muda mrefu, mmoja baada ya mwingine.

"Siku hizi zote," alisema kwa shida, "mlikuwa mmeenda wapi?"

Kipkemoi alikumbuka alivyompigia babake kelele, na moyo ukamuuma.

"Tulikuwa hapa, baba," Tecla akasema. Alilia bila kujificha. "Tulikuwa hapa hapa."

Mzee alinyoosha mkono wake mzima, akauweka gotini kwa mwanawe. Televisheni iliendelea kusoma habari, na hakuna aliyeisikiliza.