Chuma Kilichoshikilia Mlango

Fundi cherehani alishonea sebuleni, karibu na mlango, ili apate mwanga. Mlango ule ulipenda kujifunga wenyewe. Kwa hiyo waliuzuia kwa chuma kizito, kirefu kama chupa, chenye ncha upande mmoja.

Chuma hicho kilikuwa cha baba yake. Alikileta kutoka vitani alipopewa likizo. Likizo ikaisha, akarudi vitani, asionekane tena. Hakuna aliyeleta mwili. Hakuna kaburi. Mama yake fundi akabaki na chuma. Alikifuta kwa mafuta na kukisemesha kwa sauti ya chini.

"Umeamkaje, mume wangu? Kumekucha."

Majirani walimcheka kidogo, kisha wakamzoea.

Tatizo ni kwamba chuma kilianguka ovyo. Siku moja nusura kimponde mteja kidole. Mume wa fundi alikuwa mchomeleaji. Akasema, "Mama, nikikate kitako kidogo, kisimame vizuri."

"Kata," mama mkwe akajibu. "Ila usimuumize."

Wote wakacheka.

Kesho yake mchomeleaji alichukua msumeno wa chuma. Alikuwa ndiyo kwanza anainama, jirani akaja kuchukua suruali yake. Jirani huyo alikuwa mwanajeshi mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Sajini. Alisimama nje ya mlango. Hakusalimu.

"Shemeji," akasema polepole, "weka msumeno chini. Usikiguse hicho."

"Hiki? Ni kumbukumbu ya baba mkwe."

"Ni kombora la mzinga. Halijalipuka."

Fundi akaacha kushona. "Sajini, mbona kipo hapa tangu sijazaliwa?"

"Baruti haizeeki kama sisi, dada. Sisi tukizeeka tunapoa. Yenyewe huzidi hasira. Ukilikata, ukiligonga, hata ukilisogeza tu, linaweza kumaliza nyumba nzima."

"Sasa tufanyeje?"

"Liacheni hapo hapo. Tokeni kwa mlango wa nyuma, taratibu, msibebe kitu. Mimi nawaondoa majirani. Tukifika mbali ndipo tupige simu polisi. Wao watawaita wataalamu wa mabomu."

Mama hakuinuka kitini. "Mimi sina kaburi la kwenda," alisema. "Nina hicho tu."

Sajini hakumbishia. "Mama, nami niliacha wenzangu huko. Wengine sijui walilala wapi. Lakini hicho si mume wako. Hicho kilitengenezwa kumuua mtu kama yeye."

Mama alikitazama chuma kwa muda. Kisha akampa binti yake mkono, wakatoka.

Wataalamu walikuja, wakalichukua kombora, wakalilipua kwenye machimbo ya mawe. Mlio ulifika mpaka mtaani. Mama akafumba macho.

"Leo ndiyo nimefiwa," akasema.

Habari zilienea. Watu wa nyumba ya tatu wakakumbuka chuma kilichofukuliwa uani mwao. Watoto walikuwa wakikikalia wakicheza. Safari hii hakuna aliyekigusa. Walijitenga, wakapiga simu. Lilikuwa bomu pia. Likaondolewa, na hakuna aliyeumia.

Lakini mama alinyamaza. Kulipokucha alikosa wa kumsemesha. Alikaa tu, mikono mapajani.

Asubuhi moja fundi alisimamisha cherehani. "Mama, niambie mimi."

"Nikwambie nini?"

"Habari za baba. Miaka yote umeongea naye yeye. Mimi hujanisimulia."

Mama akashangaa, maana ni kweli. Akaanza kidogo kidogo. Alisema baba alikuwa mrefu na mbishi. Hakujua kuimba, lakini hakukubali kuacha. Mchomeleaji akavuta kiti. Tangu hapo walimsikiliza kila asubuhi, na Sajini alipopita naye aliketi. Aliuliza swali moja, akasikiliza.

Siku moja fundi aliuliza, "Mimi aliniitaje?"

"Alikuacha tumboni. Alikuita Mgeni." Mama akajishika tumbo. "Siku ya kuondoka aliinama hapa, akasema, 'Mgeni, ukifika kabla yangu, usilale. Nisubiri.'"

Fundi akauliza, "Nilimsubiri?"

"Ulikuwa hulali, mwanangu," mama akasema. "Mwaka mzima ulikuwa hulali."