Vidole Visivyokuwapo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Kija alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamfunga baba yake vifungo vya shati. Mzee Nkwabi hakuweza kuvifunga mwenyewe. Mwaka 1994 mkanda wa mashine ulimnasa mkono wa kulia katika kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, kule Igoma, na madaktari wakaukata juu ya kiwiko. Miezi miwili baadaye kiwanda kiliuzwa kwa mtu binafsi, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akabaki nyumbani.

Kidonda kilipona. Maumivu hayakupona.

"Vidole vinaungua," alikuwa akisema. "Vimejikunja, kucha zinachoma kiganja."

"Vidole gani, Baba?" Kija aliuliza mara ya kwanza.

"Hivi vya kulia," alijibu, akitazama mahali pasipo na kitu.

Baba mdogo wa Kija, Ndalahwa, alisema mkono ule uliokatwa ulizikwa vibaya, ukiwa umekunjwa ngumi. Jumamosi moja waliufukua nyuma ya nyumba, wakanyoosha mifupa ya vidole, wakaufukia upya. Jioni ile Mzee Nkwabi aliumwa kuliko siku zote. Mama Kija aliketi jikoni akalia, wala hakujificha. Lile ndilo lilikuwa tumaini lao la mwisho.

Mtaani watu walianza kunong'ona kwamba Nkwabi anajisingizia ili asishike jembe. Shuleni mvulana mmoja wa darasa la sita alificha mkono ndani ya shati na kulia, "Jamani, vidole vyangu!" Darasa zima likacheka. Kija naye akacheka, maana aliogopa kuchekwa peke yake.

"Hata mimi najua anadanganya," akasema.

Alirudi nyumbani akiwa na hasira, na baba yake alipoanza kuguna, alimfokea.

"Baba, mkono haupo! Tumechoka na uongo wako!"

Mzee Nkwabi aliinuka, akatoka nje. Tangu siku ile hakulalamika tena. Alikula matonge mawili, akasukuma sahani. Alikonda mpaka suruali ikamvuka, akaanza kuifunga kwa kamba. Kija alidhani ameacha kujisingizia.

Alhamisi moja alitumwa kuni nyuma ya nyumba. Alimkuta baba yake amechuchumaa ukutani, jasho linamtiririka, amejaza kitambaa mdomoni. Alikuwa akikiuma kwa nguvu ili wasimsikie.

Kija alikimbia hadi zahanati bila hata kuvaa viatu.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Alimweleza Nesi Odeta kila kitu, hata yale aliyoyasema darasani. Nesi alifunga kabati la dawa, wakaongozana.

"Nkwabi hadanganyi," Nesi aliwaambia wote nyumbani. "Maumivu husikika kwenye ubongo. Kila kiungo kina sehemu yake humo. Mkono umekatwa, lakini sehemu yake kwenye ubongo bado ipo. Inangoja habari kutoka mkononi na haizipati, basi inapiga kelele. Kelele hizo ndizo maumivu."

"Na mbona yamezidi siku hizi?" aliuliza Mama Kija.

"Huzuni na maumivu hukaa karibu sana ubongoni. Mgonjwa akidharauliwa, maumivu hupanda."

Kija alipiga magoti mbele ya baba yake. "Nisamehe, Baba. Niliwaambia watu kwamba unadanganya."

"Najua, mwanangu," alisema taratibu. "Walikuja kunisimulia."

Kija alitamani baba yake ampige. Mzee hakumpiga.

Nesi alimwonyesha Kija namna ya kusugua kipande cha mkono kilichobaki kwa kitambaa laini, polepole, ili ubongo upate habari nyingine badala ya maumivu. Kija alifanya hivyo kila siku. Wiki ya kwanza hapakuwa na nafuu yoyote. Wiki ya tano baba yake alimaliza sahani ya ugali. Maumivu hayakuisha, ila yalipungua, na yalipomshika, aliguna kwa sauti bila woga. Darasani Kija alisimama akasema ukweli. Wengine waliendelea kucheka.

Nesi Odeta alipopita tena kumwona mgonjwa, alimshika Kija bega.

"Maumivu ya mtu huyaoni kwa macho," alisema. "Kwa hiyo, mtu akikwambia anaumwa, mwamini kwanza, kisha mtafutie msaada. Baba yako alinyamaza kwa sababu hakuaminiwa, na kunyamaza kule kungemuua."