Mama wa Mwisho wa Meza

Mchana ule duka la fotokopi lilijaa watu mpaka mlangoni. Binti mchora ramani, gauni la bluu limepigwa pasi likanyooka, alikuwa amekumbatia michoro yake ya nyumba asije mtu akaikunja. Kijana aliyesimama nyuma yake, shati lina madoa ya rangi, akachungulia bila hata haya.

"Dada, hawa watu wako mbona hawana nyuso?"

"Kazi yao ni kuonyesha urefu wa mlango, kaka. Nyuso za nini?"

Kijana akacheka, binti naye akajikuta anacheka. Ndivyo walivyoanza, msiniulize zaidi. Kijana alikuwa fundi wa kuchora kwenye kuta, na siku hizo alikuwa anapamba ukuta wa mkahawa: familia imekaa mezani inakula. Ila meza ilimshinda. Ilikuwa kama inataka kumwaga sahani. Binti akaenda na rula na uzi, akamfundisha kwamba mistari yote inayokwenda mbali hukutana kwenye nukta moja, na cha mbali huonekana kidogo. Kijana akashukuru, akamwita mwalimu, na simu zao zikawa haziishi.

Sasa sikilizeni kosa. Siku moja kijana ametoka kununua rangi, binti akamkuta mwanamke wa mwisho wa meza amechorwa kwa chaki, mkubwa kupita waliokaa mbele. Akaona mpenzi wake amepitiwa. Kwa mapenzi kabisa akamfuta, akamchora upya kwa kanuni, akawa na kimo cha birika la pale mbele.

Kijana aliporudi, kopo la rangi mkononi, aliutazama ukuta.

"Umempunguza mama yangu," alisema. "Amenilea peke yake kwa kufua nguo za watu. Leo awe sawa na birika?"

Badala ya kuomba radhi, binti akaanza kueleza kanuni. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Kijana akamwomba aende zake, na tangu hapo simu ikawa haipokelewi.

Binti aliumia, jamani. Ofisini akajaribu kumchora mpenzi wake amesimama mwisho wa njia, na rula ikamtaka awe mdogo kama kidole. Mkono ukakataa. Moyoni mwake mtu yule hakuwa amepungua hata chembe, na hapo akaelewa alichomfanyia, akalia. Akapiga tena. Safari hii ikapokelewa.

"Nisamehe, mpenzi. Mama ni mkubwa."

"Njoo," kijana alisema.

Alimkuta mama ukutani, mkubwa, kila kunyanzi la uso lipo. Meza ilikuwa imetulia juu ya mistari ya binti. Kijana akamwambia hakuifuta hata mmoja, maana bila hiyo chakula cha mama kingemwagika, na kwa hilo ataendelea kumshukuru. Kisha akaonyesha kiti kitupu ubavuni mwa mama.

"Hicho nimekuwekea wewe, kama utakubali kuwa mke wangu. Nikuchore ukubwa gani?"

Binti akafuta machozi kwa kiganja.

"Nichore mdogo tu. Mkubwa awe huyo aliyenilelea mume."