Dagaa wa Mbalamwezi

Kila asubuhi Honorata alipoamka alisema "Mwakeye" kwa sauti, ingawa chumbani hakukuwa na mtu wa kumjibu. Ndivyo Waha wanavyoamkiana, na kijijini kwao Simbo salamu hiyo ilizunguka nyumba nzima kabla moto haujawashwa jikoni. Mama alimwamkia bibi, bibi akawaamkia wajukuu, na mdogo wake wa mwisho akaenda kuwaamkia hata mbuzi. Hapa Bangwe, katika chumba alichopanga ili asome chuo mjini Kigoma, salamu yake iligonga ukuta ikaishia hapo. Alichemsha chai ya rangi, akainywa akiwa amesimama, akafunga mlango na kwenda darasani.

Mwanzoni alikaa chumba kimoja na Shadia, msichana mwenye maneno mengi na roho nyeupe. Kisha Shadia akahamia kwa shangazi yake Ujiji, akaondoka na godoro lake, redio yake na kicheko chake. Wanafunzi wengine hawakuwa wabaya. Walimsalimia vizuri, wakampisha mlangoni, halafu wakaendelea na hadithi zao za watu waliojuana tangu sekondari. Honorata hakuwa msemaji. Akitaka kuchangia neno alilipanga kwanza kichwani, na lilipokaa sawa, wenzake walikuwa wameshahamia jambo lingine. Jioni alisonga ugali mdogo, akala peke yake, na ugali wa kula peke yake hauishi hata ukiwa mdogo namna gani.

Biashara yake ilianzia darasani. Mwalimu Vedasto, aliyehamishiwa Kigoma kutoka Mwanza, alikuwa anawafundisha ujasiriamali.

"Simu mnazochezea ni maduka," aliwaambia siku moja. "Kila mmoja atafute kitu akiuze mtandaoni. Mwisho wa muhula mtanieleza mmejifunza nini."

Thobias, aliyekaa dawati la mbele, alitangaza viatu vya mtumba, akachoka upesi. Wengine walijaribu mafuta ya kupaka na vifuniko vya simu, nao wakaacha. Honorata alishuka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akamkuta Mama Leonia akianika dagaa. Mama huyo hakuwaanika mchangani kama baadhi ya watu wanavyofanya. Alikuwa na chanja, yaani vitanda virefu vya miti vilivyotandikwa wavu, na dagaa wake walikauka juu kwa juu, safi, wakimetameta. Honorata akapiga picha. Akaiweka mtandaoni na kuandika: "Dagaa wa Kigoma. Wamevuliwa usiku, wameanikwa kwenye chanja. Hawana mchanga."

Wateja walianza kuja mmoja mmoja. Dagaa walifungwa kwenye viroba vidogo, wakapanda basi, wakafika Tabora, Singida na Dodoma. Honorata alifurahia biashara, lakini kusema kweli, alichokipenda zaidi ni mlio wa simu. Simu ilipolia, kulikuwa na mtu upande wa pili aliyekuwa anamtafuta yeye.

Kati ya wateja wote hao, alimpenda zaidi Bi Evaline. Alikuwa muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Ujiji aliyeolewa Dodoma zamani na kubaki huko hata baada ya kufiwa na mumewe. Bi Evaline hakuwa mtu wa kuandika. Alituma ujumbe wa sauti, mrefu, wenye majogoo wanaowika nyuma yake.

"Mwakeye, mwanangu," ndivyo alivyoanza kila mara. "Hao dagaa wako wamenirudisha nyumbani. Haya, niambie, umekula nini leo?"

Mjini kote hakukuwa na mtu aliyemuuliza Honorata amekula nini. Alimjibu kwa urefu, akimweleza habari za chuo, za mvua, hata za Shadia na kicheko chake. Alianza kupika vizuri zaidi ili awe na jibu zuri la kutoa. Asubuhi hakuusalimia tena ukuta, alingoja simu.

Siku moja Bi Evaline akaleta habari kubwa. Binti yake Christina alikuwa anaposwa, na Jumamosi wazee wa upande wa mwanamume wangekuja kula chakula cha mchana.

"Nataka niwapikie dagaa wa kwetu," alisema. "Waonje nilikotoka. Utanitumia kiroba kikubwa, mwanangu?"

"Bila shaka, mama," Honorata akajibu hapo hapo. "Wa leo leo."

Hakufikiri. Furaha ilimtangulia mbele, akili ikabaki nyuma.

Alipofika mwaloni mchana ule, alikuta mitumbwi imepandishwa nchi kavu. Nyavu zilikuwa zimetandazwa juani, na wavuvi wamekaa kivulini wakishona palipochanika. Chanja za Mama Leonia zilikuwa tupu. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, akisukwa nywele na jirani yake.

"Umesahau kutazama juu, mwanangu," alimwambia Honorata. "Ni mbalamwezi. Dagaa hufuata taa ya mvuvi pale ziwa linapokuwa na giza. Mwezi ukiwaka, ziwa zima ni taa, watamfuata nani? Tunangoja kiza kirudi."

Honorata aliyajua hayo. Ila miezi iliyopita akiba ya Mama Leonia ilikuwa inavusha siku hizo za mwanga, naye akazoea kuona dagaa hawakosekani.

"Hata wa akiba hawapo, mama?"

"Mvua za juzi zimewaharibu wote. Mwambie mteja wako asubiri. Watu wa huku wote wanangoja."

Honorata aliaga akaondoka. Angemwambiaje Bi Evaline asubiri, na wageni wanakuja Jumamosi? Angetafuta muuzaji mwingine, na huyo mwingine pengine angekuwa hodari na mchangamfu kumshinda yeye. Halafu asubuhi ingefika bila simu kulia. Wazo hilo lilimtia hofu kuliko hasara yoyote.

Akaenda sokoni. Pembeni kabisa alimkuta mchuuzi mwenye gunia la dagaa waliokaa siku nyingi. Walikuwa wameanikwa mchangani, tena kipindi cha mvua, na rangi yao ilikuwa imefifia. Honorata alinunua. Chumbani aliwapepeta kwenye ungo mpaka mikono ikauma, lakini mchanga ulikuwa umekaukia kwenye ngozi zao na haukutaka kutoka. Akawafunga vizuri kwenye kiroba kipya. Kisha akatafuta kwenye simu ile picha ya zamani ya chanja, akamtumia Bi Evaline na kuandika: "Wamevuliwa jana usiku, mama. Wako njiani."

Jioni ile mwezi ulichomoza mkubwa juu ya vilima, ukamulika mabati ya Bangwe yote. Honorata alifunga dirisha.

Jibu lilikuja baada ya basi kufika. Lilikuwa limeandikwa, halina sauti wala majogoo: "Nimepokea. Asante."

Basi. Hakuna mwakeye, hakuna mwanangu, hakuna umekula nini.

Jumamosi ikapita, na Jumapili ikapita. Wateja wengine waliandika, lakini hao waliuliza bei, wakajibiwa, wakaondoka. Honorata alibeba simu mpaka bafuni, kwenye kopo la sabuni, asije akaikosa sauti aliyokuwa anaingoja. Alipowaza wale wazee wa watu wakitafuna, mchanga ukisaga kwenye meno, na Bi Evaline akitazama chini kwa aibu mbele ya wakwe zake, alifunika chakula bila kukigusa. Alikuwa amedanganya ili asibaki peke yake, na sasa alikuwa peke yake kuliko siku aliyohama Shadia. Siku hiyo angalau hakuwa na kosa.

Kilichomtonesha zaidi ni sifa. Mwalimu Vedasto alimsimamisha mbele ya darasa.

"Huyu ndiye mfanyabiashara," alisema. "Wengine mmekata tamaa, mwenzenu wateja wanamwamini. Hebu waambie siri yako, Honorata."

Darasa zima likamgeukia. Kwa mara ya kwanza wote walikuwa wanamsikiliza, wakimngojea apange maneno yake. Alijibu kwamba hana siri yoyote, akakaa.

Vipindi vilipoisha hakwenda nyumbani. Alikwenda kukaa juu ya jiwe ufukweni, akawasha simu na kurekodi. Akafuta. Akarekodi tena, akafuta tena. Mwishowe aliacha kupanga maneno, akayaacha yatoke yalivyo.

"Shikamoo, mama. Wale dagaa sikuwatoa kwenye chanja. Walianikwa mchangani, na ni wa zamani. Ile picha pia ni ya zamani. Mwaloni nilikosa kwa sababu ya mbalamwezi, nikaogopa kukuambia. Nilifikiri ukinunua kwa mwingine hutanitafuta tena, na mimi huku sina mtu wa kuongea naye. Nimekuaibisha mbele ya wageni wako. Kiza kikirudi nitakutumia wengine, si kwa kuuza. Hata usiponijibu nitakutumia. Nisamehe, mama."

Alibonyeza kutuma kabla moyo haujarudi nyuma. Alama zikaonyesha kwamba ujumbe umesikilizwa. Jibu halikuja. Honorata alikaa mpaka maji ya ziwa yakawa na rangi ya shaba, akajikung'uta mchanga na kwenda kulala na njaa.

Kesho yake mchana simu ililia. Haukuwa ujumbe, Bi Evaline alikuwa anapiga.

"Shikamoo, mama," Honorata alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Siku ile uliponiandikia kwamba wamevuliwa jana usiku, nilikuwa uani naanua nguo, jua linazama. Nikainua macho nikauona mwezi. Umejaa pomoni. Wewe unajua baba yangu alikuwa nani?"

"Hapana, mama."

"Mvuvi wa Ujiji. Nyumbani kwetu hatukuhitaji kalenda. Mbalamwezi baba alishinda nyumbani anashona nyavu na sisi tunakula maharage. Kiza kikirudi, tunakula dagaa. Mwezi ulionimulikia mimi hapa ndio ule ule uliokumulikia wewe huko. Nilijua kabla basi halijafika Dodoma."

Honorata akakaa kitandani.

"Sasa wageni, mama?"

"Niliwapikia nyama ya mbuzi. Dagaa wako nimewapa kuku. Kuku hawana habari na mchanga." Bi Evaline alicheka kidogo, halafu sauti yake ikatulia. "Nilingoja uniambie mwenyewe. Kila siku nilikuwa natazama simu, nasema labda leo. Nimeumia, Honorata, sikufichi. Na si kwa ajili ya mchanga. Mchanga huoshwa."

Honorata alilia. Hakujificha, na Bi Evaline hakumkatiza. Alipotulia, mama yule akaendelea taratibu, kama muuguzi anayefunga kidonda.

"Nisikilize. Anayenunua sokoni hushika kitu, hunusa, huonja. Anayenunua kwako kwa simu hana mkono wala pua. Ana neno lako tu, na neno lako ndilo analolilipia. Ukilitia mchanga hilo, hata dagaa wawe safi namna gani, huna unachouza. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Na jingine. Uliogopa ukisema hakuna dagaa, utanipoteza. Mwanangu, ungesema tu 'mama, ni mbalamwezi', ningekusimulia habari za baba yangu mpaka kiza kirudi. Uongo ndio uliotunyamazisha sisi wawili. Haya. Umekula nini leo?"

"Bado, mama."

"Basi usikae humo ndani ukitazama simu. Mimi ni sauti tu, siwezi kukupakulia. Huyo mama wa chanja ana jiko. Nenda."

Honorata alikwenda. Alimkuta Mama Leonia akibadilisha miti iliyooza kwenye chanja, akashika upande wa pili bila kuulizwa, na giza lilipokaribia akaambiwa anawe mikono. Ulikuwa ugali na maharage. Hawakuzungumza sana, lakini mikono yao ilikutana kwenye sahani moja.

Usiku huo huo aliiondoa mtandaoni ile picha ya zamani. Akaweka picha ya mitumbwi iliyopandishwa nchi kavu, akaandika: "Ni mbalamwezi. Sina dagaa mpaka kiza kirudi." Baadhi ya wateja walikwenda kwingine, naye akawaacha. Wengine waliuliza maana yake, naye akawaeleza. Darasani pia alisimama, akamweleza Mwalimu Vedasto na wenzake yote yaliyotokea. Thobias, ambaye hakuwahi kumsemesha, alimfuata nje baada ya kipindi kumuuliza kama ni kweli kwamba dagaa wanaujua mwezi.

Kiza kiliporudi, taa za wavuvi zilitanda ziwani. Honorata alifunga kiroba kikubwa kutoka kwenye chanja, akakipandisha basi la Dodoma. Hakutuma picha wala maelezo.

Ujumbe wa sauti ulimkuta mwaloni, akiwa anageuza dagaa pamoja na Mama Leonia. Akausikiliza akiwa amesimama. Kwanza jogoo aliwika. Kisha ikasikika sauti ya mtu anatafuna, polepole, kwa muda mrefu, bila mchanga kusaga kwenye meno.

"Mwakeye, mwanangu," Bi Evaline akasema. "Jana nilitoka nje, sikuuona mwezi."