Tufe la Alasiri

Kidole gumba cha mfamasia kiligoma kutoka kwenye tufe la bolingi, na Jumamosi ile ukumbi ulikuwa umejaa hadi watu wanakalia meza. Alivaa gauni la njano na viatu vya kukodi vyenye rangi mbili. Tufe jeusi lilining'inia mkononi mwake kama ndoo iliyojaa maji. Alitembea nalo hivyo hivyo, akiwapita watoto wenye bisi na akina baba wanaobishana, hadi kwenye chumba cha vioo mwishoni mwa ukumbi.

Ndani alikuwapo fundi anayetoboa matundu ya vidole kwenye matufe, mrefu, shati la bluu limejaa vumbi.

"Naomba unikate," mfamasia alisema.

"Nikukate kidole au mkono?"

"Chochote kitakachoanza kutoka."

Fundi alimmwagia maji ya sabuni, akalizungusha tufe taratibu badala ya kukivuta kidole. Kikatoka, kimevimba.

"Haya ya kukodi yametobolewa kwa ajili ya kila mtu," alisema, "kwa hiyo hayamfai yeyote. Unafanya kazi gani?"

"Mfamasia."

"Basi, daktari, mgonjwa akija unampa dawa ya jirani yake?"

Mfamasia alikipuliza kidole chake kilichovimba. Hakuwahi kutongozwa na mtu anayemgombeza.

Wiki iliyofuata alirudi kununua tufe lake la kwanza. Fundi alimpima vidole, kimoja kimoja, bila haraka yoyote.

"Unarushia njia ipi ya mbao, na saa ngapi?"

"Njia ya kumi. Alasiri, nikitoka kazini."

Fundi alipita matufe makali yenye ngozi ya kukwaruza, akachukua la zambarau, laini, linalong'aa.

"Hili ni tulivu. Kwa njia ile, saa ile, tufe kali litakata kushoto kabla ya wakati. Hili litakwenda, litafikiri, halafu litageuka."

"Linafikiri?"

"Kuliko watu wengi ninaowajua."

Jambo moja mfamasia hakumwambia: tufe alilitaka kwa mashindano ya timu za ofisi. Alitaka kumshangaza. Wanawake tunapenda sana kuwashangaza wanaume ambao wangefurahi zaidi kuambiwa.

Mapenzi yakaja, na simu zake.

"Umefika nyumbani, kipenzi?"

"Nimefika. Kidole gumba kinakusalimia."

"Na vingine?"

"Vingine bado vinakuchunguza."

Asubuhi ya mashindano mfamasia alisimama njia ya tatu, amevaa fulana nyeupe ya timu, nywele amezisuka upya. Alirusha kama alivyozoea, upande wa kulia kidogo, akingoja tufe ligeuke liingie katikati ya pini zilizosimama mwisho wa njia. Halikugeuka. Lilinyooka hadi likatumbukia kwenye mfereji wa pembeni mwa njia. Akarusha tena. Mferejini tena. Wenzake waliacha kupiga makofi.

Pembeni yake keshia wa benki, mwenye hereni kubwa, alirusha tufe la kijivu. Likakata kona likaangusha pini zote.

"Umelipata wapi hilo?" mfamasia aliuliza.

"Kwa fundi wa hapa hapa. Alinichagulia mwenyewe, kwa ajili ya leo."

Aligeuka akamwona fundi nyuma ya kioo, mikono kifuani, anamtazama. Macho yalipokutana, fundi aliinamisha kichwa.

Mchezo ulipokwisha alikwenda akaliweka tufe mezani kwake.

"Mpe keshia wako akae na mawili," alisema, akaondoka.

Fundi alipiga simu mchana kutwa. Mwishowe ikapokelewa na mama wa mfamasia.

"Mwanangu hataki kuongea na wewe."

"Shikamoo, mama. Naomba aje kesho mchana, nimwonyeshe kitu kimoja."

"Marahaba. Ukimwonyesha ujinga, utanionyesha na mimi."

Mfamasia alikuja akiwa bado na koti lake jeupe la kazini, uso umekazwa. Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye njia ya tatu, iliyokuwa bado imefungwa.

"Gusa hapa."

Aligusa ubao. Vidole vilirudi vinateleza.

"Mafuta?"

"Tunapaka kila asubuhi, kwa mashine."

"Miezi yote hii nachezea mafuta, na hakuna aliyeniambia?"

Sasa aliyeshtuka ni fundi. Aliishi na mafuta yale miaka mingi kiasi kwamba alisahau kuna watu wasioyajua.

"Kufika alasiri matufe ya watu yameshayafuta," alisema polepole. "Njia inakuwa kavu, na tufe tulivu linafaa. Kwenye mafuta mapya linateleza tu, pale linatakiwa kali. Keshia alisema mashindano. Wewe ulisema alasiri."

Mfamasia aliona aibu, kisha akakumbuka.

"Lakini kabla hatujaanza uliniona. Uliniona na tufe hili."

"Nilikuona."

"Ungeniambia nikodi jingine."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kwa ukweli mkavu namna ile hakuwa amejiandaa.

"Mimi ndiye niliyepaka mafuta ya mashindano," fundi alisema. "Siku yenyewe, anayepaka hamnong'onezi mchezaji. Uliniambia mama yako alikuomba dawa bila karatasi ya daktari. Ulimpa?"

"Hiyo ni dawa."

"Ulimpa?"

"Sikumpa. Alininunia wiki nzima."

"Na unampenda."

Njia ya jirani pini zilianguka kwa kishindo. Mfamasia alichukia kwamba fundi yuko sahihi, akachukia zaidi kwamba moyo wake umetulia.

"Iliniuma," fundi aliendelea. "Leo asubuhi nimemwambia bosi atafute mtu mwingine wa kupaka siku za mashindano. Mimi nibaki na kutoboa tu."

"Utaacha kazi unayoipenda? Kwa nini?"

"Haifai mtu apake sakafu atakayochezea mke wake."

"Mke wako nani?"

"Hapo ndipo nilipokwama."

Mfamasia alitafuta benchi kwa mkono, akaketi. Njia ya tano mtu aliangusha pini zote, ukumbi ukalipuka, na jibu lake likamezwa na kelele.

"Umesema nini?"

Akamvuta kola, akamsogeza sikio hadi mdomoni pake.

"Nimesema ndiyo. Na kuanzia leo, chochote kilicho chini ya miguu yangu, niambie."

"Hata siku za mashindano?"

"Siku hizo na wewe utakuwa hujui."